Mtoto aliondoka alipoanza kusema, nami nafikiria kuacha kazi

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanasaikolojia wa watoto, na huu ni mwaka wa nane tangu nimalize shahada ya uzamili na mafunzo ya vitendo. Nafanya kazi katika kliniki ndogo ambayo haina mwingine mwenye taaluma hii. Wenzangu ni madaktari na wauguzi, watu wema, lakini tunasalimiana kwenye korido na kila mmoja anaingia chumbani kwake. Tangu siku nilipoagana na msimamizi wangu wa mafunzo sijawahi kukaa na mtu yeyote kuzungumzia kesi yangu hata moja. Naandika kwa sababu kampuni moja imenipa nafasi katika idara yake ya rasilimali watu, kazi ya usaili na mafunzo ya wafanyakazi, na natakiwa kuwajibu kabla ya mwezi huu kwisha. Mwaka jana ningecheka. Mwaka huu barua yao iko mezani na kila usiku naisoma upya.

Aliyenifikisha hapa ni mtoto mmoja, ambaye habari zake nimezibadilisha kidogo ili asitambulike. Ni mvulana wa miaka 7. Nyumbani anaongea, anaimba na kugombana na ndugu zake, lakini shuleni hajamjibu mwalimu hata neno kwa zaidi ya mwaka, wala na mimi hakusema. Sikumlazimisha. Nilimwachia sanduku la mchanga na kikapu cha wanyama wa plastiki, nikakaa sakafuni kando yake, na kila wiki akafanya jambo lilelile. Alimchagua ng'ombe mweupe aliyevunjika pembe moja, akamchimbia shimo kwa vidole viwili, akamlaza ubavu, akamfukia, kisha akausawazisha mchanga kwa kiganja mpaka usingejua kwamba chini yake kuna kitu. Dakika chache kabla ya muda wetu kwisha alimfukua mwenyewe, akampangusa na kumrudisha kikapuni. Wiki ya 11 muda uliisha ng'ombe akiwa bado chini, nami nikanyoosha mkono nimsaidie. Akanishika kifundo cha mkono na kusema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Usimfukue bado."

Nilijizuia nisilie. Mama yake, ambaye humngoja kwenye benchi nje, aliniuliza kama alivyouliza kila wiki, "Amesema leo?" Nami nikamjibu kama nilivyomjibu kila wiki, "Tunaendelea vizuri." Niliona kwamba maneno yale ni ya mtoto, amenikabidhi mimi, na kwamba nikiyatoa nje ya chumba nitakuwa nimevunja siri yake, tena niliogopa kwamba mama angeanza kumshinikiza arudie. Wiki iliyofuata hawakuja. Ulikuja ujumbe mfupi tu: "Tumeamua kupumzika kwanza, hatuoni mabadiliko." Huu ni mwezi wa tatu.

Tangu hapo nimekuwa mtu mwingine. Naona watoto 7 kwa siku, wakati mwingine 8, na ripoti zao naziandika usiku nyumbani. Nawasikiliza, lakini nikitoka chumbani sikumbuki nilichosikia. Mara mbili nimejikuta nikipita njia ya shuleni kwa yule mvulana, ambayo si njia yangu, nikipunguza mwendo langoni. Na wiki iliyopita binti yangu wa miaka 9 aliniletea mchoro wa nyumba, nami nikamwuliza kwa ile sauti yangu ya kazini, "Naona nyumba hii haina mlango. Unaweza kuniambia kwa nini?" Aliichukua karatasi, akachora mlango mkubwa kuliko paa, akasema, "Haya, mlango huo. Mama, usiniulize kama wale watoto wako."

Nakuuliza, Mama: je, niache? Je, nilikosea kunyamaza siku ile? Na mtu anayefanya kazi hii anawezaje kubaki mama nyumbani kwake?

Jambo dogo la mwisho, ambalo naona haya kuliandika, ni kwamba ng'ombe yule bado yumo mchangani. Sanduku nimelipandisha juu ya kabati na watoto wengine nawapa vitu vingine.

Wako,
Niliyechoka

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lenye tarehe. Waandikie kampuni uombe miezi sita. Wakikataa, waache waende na nafasi yao. Sisemi hivyo kwa sababu kazi ya usaili ni duni au kwa sababu kuacha ni usaliti, maana nawafahamu wanasaikolojia wa watoto waliohama wakawa walimu, watafiti au washauri wa mahakama, na watoto hawakupata hasara. Nasema hivyo kwa sababu unataka kuiacha kazi ambayo hujaifanya kwa namna inavyotakiwa kufanywa. Umeifanya miaka minane bila mtu wa kukutazama. Sijui mtu yeyote, awe na kipaji cha namna gani, ambaye angevumilia hivyo bila kupotea njia, na kama utaondoka sasa hutajua kamwe kama kilichokuchosha ni watoto au ni ule upweke.

Sasa tuje kwa mvulana. Ndiyo, ulikosea kunyamaza, na ni afadhali nikwambie waziwazi kuliko kukuzungusha. Siri ya mtoto ni yale aliyoyasema na yale aliyoyacheza: ng'ombe, shimo, maneno yake mawili. Kwamba amesema hakukuwa siri. Hilo ndilo jambo ambalo mama yake alimleta kwa ajili yake, akalingojea kwenye benchi wiki 11, na ungeweza kumpa bila kugusa yaliyomo: "Leo alisema nami kwa sauti. Naomba usimwulize alisema nini, wala usimsifu sana; tumwache aendelee mwenyewe." Sentensi hizo mbili zingemlinda mtoto na pia zingempa mama sababu ya kurudi. Badala yake ulimpa jibu lilelile alilokwisha kulizoea, naye akaondoka akiamini kwamba hakuna kilichotokea, siku ileile ambayo kilikuwa kimetokea. Ujumbe wake wa "hatuoni mabadiliko" ulikuwa kweli tupu. Hakuonyeshwa.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikimtafuta huyo mama. Najua rangi ya ng'ombe na pembe iliyovunjika, najua mtoto alichimba kwa vidole viwili, lakini juu ya mama najua kwamba anakaa kwenye benchi na anauliza swali moja. Mwalimu naye anatajwa kama mtu asiyejibiwa, basi. Hapo ndipo kazi yetu inapotofautiana na ya wenzetu wanaohudumia watu wazima. Mtu mzima anajileta, na siku akichoka anajiondoa. Mtoto analetwa. Anayemleta ndiye anayebeba nauli, muda na aibu mbele ya ndugu, na ndiye atakayekaa naye saa zote za juma isipokuwa ile moja unayoipata wewe. Ilikuwa hivyo tangu mwanzo: mwanasaikolojia Lightner Witmer alipofungua kliniki ya kwanza ya kisaikolojia, mwaka 1896 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, mtoto wake wa kwanza alikuwa mvulana aliyeshindwa tahajia, na aliyemleta alikuwa mwalimu wake, ambaye ndiye aliyeona kwamba kuna jambo haliko sawa. Witmer alipompima alikuta kasoro ya macho. Pasipo yule mwalimu kliniki ingekuwa na chumba kitupu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyechunguza uhusiano wa watoto wachanga na mama zao. Alipofika Uganda mwaka 1954 hakuwa na maabara wala kioo cha kuchungulia watoto. Alifuatana na mkalimani mpaka majumbani mwa familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akarudi kila baada ya wiki mbili hivi kwa miezi kadhaa, akikaa na akina mama na kuwasikiliza huku akiwatazama watoto wakitambaa. Katika mambo aliyoyagundua, moja limenikaa moyoni maisha yangu yote ya kazi: watoto waliokuwa na utulivu na mama zao, kwa kawaida mama hao ndio waliokuwa hodari wa kumweleza habari za mtoto kwa kina, yaani anapenda nini, anaanza kulia lini, ananyamazishwa vipi. Waliyajua hayo kwa sababu walikuwa wakitazama. Wewe hukumpa huyu mama nafasi ya kukusimulia. Pengine angekwambia kwamba mwanawe huzika vitu nyumbani pia, au kwamba shangazi yake alikuwa hivyohivyo utotoni, au kwamba yeye mwenyewe hulala akijilaumu.

Liko na suala la njia ya tiba, ambalo hukuliuliza lakini siwezi kulipita. Hali hii ya mtoto kusema mahali pamoja na kunyamaza pengine ilidhaniwa kwa miaka mingi kuwa ni ukaidi, mtoto amegoma. Mwongozo wa uchunguzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani ulibadilisha jina lake mwaka 1994 ili kuondoa dhana hiyo ya kugoma, na mwaka 2013 ukaihamishia katika kundi la matatizo ya wasiwasi, ambako ndiko kwake. Mtoto hagomi, koo linafunga. Mchanga ni kitu kizuri, nami nimeutumia sana, lakini wasiwasi wa namna hii hupungua vizuri zaidi kwa hatua ndogondogo za kuzoea, zikihusisha nyumba na shule. Angerudi leo, ungemwingiza mama chumbani wacheze wawili, wewe ukiwa nje na mlango wazi. Akiongea na mama yake kwa kawaida, siku nyingine unakaa mlangoni na kitabu chako bila kumtazama. Kisha unakaribia mkeka. Kisha unauliza swali ambalo jibu lake ni "huyu" au "yule". Baadaye, kwa ridhaa ya mama, mwalimu anafuata ngazi hizohizo darasani watoto wengine wakiwa wametoka. Ni kazi ya kuchosha kwa uchache wa mambo yanayotokea kila siku, lakini ndiyo inayomfikisha mtoto shuleni na sauti yake.

Nini maana ya kumzika ng'ombe? Wako watakaokwambia ng'ombe ni ile sauti. Huenda. Huenda pia mtoto aligundua mchezo ambao mtu mzima haukatizi, akaupenda kwa sababu hiyo tu. Margaret Lowenfeld, aliyefungua kliniki yake ya watoto London mwaka 1928 na ambaye kwake tumerithi sanduku la mchanga na vifaa vyake, alisisitiza kwamba tusiharakishe kumwekea mtoto maana zetu juu ya kile alichokijenga. Kwako wewe neno la maana lilikuwa "bado". Mtoto alikupa agizo akategemea utalitii, na ulitii. Hilo hakuna wa kukunyang'anya, na mtoto ameondoka nalo.

La kufanya sasa ni dogo. Mwandikie mama barua moja, umjulishe mkuu wa kliniki, na nakala iwekwe kwenye faili. Useme hivi au karibu na hivi: "Nakushukuru kwa wiki 11 ulizomleta mwanao. Siku ya mwisho alisema nami kwa mara ya kwanza, kwa sauti ya kawaida. Nilipaswa kukueleza siku hiyohiyo, sikufanya hivyo, naomba radhi. Mkipenda kuendelea, iwe kwangu au kwa mtaalamu mwingine, nitakabidhi yote yatakayosaidia." Ishia hapo. Usimweleze kwamba alikosea kuacha, usipange tarehe, na asipojibu usiandike tena. Na ile njia ya shuleni usiipite tena hata kama siku hiyo ndiyo fupi. Mtoto akikuona langoni, hatajua umekuja kumwona au umekuja kumdai.

Nije kwenye usimamizi wa kitaaluma, kwa sababu kila nilichokieleza hapo juu msimamizi yeyote angekuonyesha wiki ya tatu. Watu huudhani kuwa ni mkubwa wa kazi kukukagua. Sivyo; mkubwa wa kazi anataka kujua umeona watoto wangapi, msimamizi anataka kujua ulijisikiaje ulipomwona wa nne. Nikupe mfano wangu. Mwaka wangu wa tano nilikuwa na msichana aliyekuwa akichana karatasi tangu anapoingia hadi anapotoka. Kwa miezi minne nilitafuta sababu katika historia ya familia, nikaandika kurasa na kurasa. Nilipompelekea mama mmoja aliyenitangulia sana katika kazi hii, alinisikiliza kimya kwa dakika 20, kisha akauliza, "Wewe ulikuwa umekaa wapi?" Nikafikiri. Kila wiki nilikuwa nimekaa kati ya mtoto na mlango. Nilihamisha kiti. Msichana hakuacha kuchana siku hiyo, wala wiki iliyofuata, lakini alianza kunigeukia anapochana. Mimi peke yangu nisingekiona kile kiti hata kwa miaka 10, kwa kuwa nilikuwa nimekikalia.

Kama jirani hakuna mtu aliyekuzidi uzoefu, mtafute wa mbali mzungumze kwa simu mara mbili kwa mwezi, au jikusanyeni wanasaikolojia watatu au wanne mnaofanya kazi moja. Usipeleke faili zima. Peleka dakika kumi za kikao kimoja, ukieleza nani alisema nini na mikono ilikuwa wapi, majina na alama za kumtambulisha mtoto ukiwa umeziondoa. Peleka hasa zile dakika unazotamani kuzificha. Mwombe mkuu wa kliniki alitambue hilo kuwa sehemu ya kazi na liwe ndani ya saa za kazi. Nchi kadhaa huliweka katika masharti ya taaluma, na hata pasipo sharti hoja yako ina nguvu, maana kliniki imekwisha kumpoteza mtoto mmoja kwa kukosa hilo na iko karibu kukupoteza na wewe.

Katika mazungumzo hayohayo zungumzia hesabu ya watoto. Saba kwa siku, na ripoti usiku, si idadi ya mtu anayesikiliza. Kila saa moja na mtoto ina kazi nyingine nyuma yake: maandishi, simu ya mwalimu, mama kwenye benchi. Pendekeza watano, na saa moja kila alasiri ya kukutana na wazazi. Ukishindwa kabisa kupata watano, chukua sita lakini saa ya wazazi usiiachie. Na ile dalili ya kutoka chumbani bila kukumbuka ulichosikia usiidharau. Ikiendelea baada ya mzigo kupungua, nenda ukamwone mtaalamu kwa ajili yako mwenyewe, kama ambavyo ungemshauri mzazi yeyote.

Binti yako amekujibu vizuri kuliko nitakavyokujibu mimi. Nyumba isiyo na mlango mara nyingi imechorwa na mtoto aliyesahau mlango, na hata kazini hatupaswi kujenga hukumu juu ya alama moja katika mchoro mmoja, kwa kuwa usomaji wa namna hiyo umeonekana mara kwa mara kuwa dhaifu. Nyumbani usiusome kabisa. Sema ni nzuri kama ni nzuri, uliza ibandikwe wapi. Kinachosaidia wengi wetu ni kubaki kazini robo saa baada ya mtoto wa mwisho, kuandika yote, kufunga daftari kwenye droo na kuliacha huko. Ripoti zikibaki kazini, ile sauti itapungua yenyewe, ingawa siku moja moja itakuponyoka. Akikukemea, kubali umekosea mcheke.

Ama ng'ombe, lishushe sanduku kesho kabla ya mtoto wa kwanza kufika. Mfukue wewe mwenyewe, msafishe, mrudishe kikapuni pamoja na wenzake, na ile pembe usiigundishe. Yule mvulana akirudi atamtafuta kwa pembe hiyo, na asiporudi, yuko mtoto mwingine anayemhitaji.